Sauti ya Mama Kwenye Ukurasa wa Halua

Mama hakuipenda simu. Alisema ikilia asubuhi mno huwa imebeba msiba, na ikilia jioni ni mtu anataka kukopa. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipomwomba nimpige video akikoroga halua, aliuvuta mtandio wake mpaka puani, akaniambia nipige picha sufuria, yeye nimwache.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Bagamoyo baada ya ndoa yangu ya Dar kuvunjika. Kule mjini nilifanya kazi kwenye duka la steshenari, nikichapa kadi za harusi na mabango, na miaka ya mwisho tajiri wangu aliniachia mimi ukurasa wa duka mtandaoni. Hiyo ndiyo kazi niliyorudi nayo. Nyumbani niliwakuta watu watatu: mama, kaka yangu mkubwa, na mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliyehamia kwetu alipofiwa na mumewe. Wote watatu waliishi kwa halua. Babu mzaa baba alitoka nayo Omani, baba akairithi, na baba alipofariki mama akaushika mwiko. Mama mdogo alichuja wanga na kumenya lozi. Kaka alikaa dukani mbele, akipima na kufunga.

Halua ilikuwa haitoki. Wazee waliokuwa wakiinunua kwa ajili ya kahawa ya asubuhi walipungua mmoja mmoja, na watoto wao walinunua keki. Kaka alikuwa amejaribu mtandao kabla yangu. Alifungua ukurasa, akaweka picha ya halua kwenye sahani ya bati chini ya taa nyeupe ya dukani, ikaonekana kama gundi ya fundi viatu. Chini aliandika: Halua tamu sana, njoo inboksi. Hakuja mtu.

Nilianza na mambo madogo. Niliitoa halua nje, asubuhi, jua likiwa bado laini, nikaikata ili samli ing'ae na lozi zionekane. Niliandika bei wazi, kwa sababu mtu akiambiwa aje inboksi anahisi anategewa. Niliandika siku tunazopika na siku mzigo unapopanda gari, na kwamba wa Tanga na Moshi watapokelewa mzigo wao Chalinze na kondakta tunayemjua. Nilipakia picha alasiri, saa ambayo watu hutamani kitu cha kunywea kahawa au chai. Mtu akiuliza, nilimjibu siku ile ile, hata kama jibu lilikuwa kwamba imekwisha. Taratibu watu wakaanza kuagiza. Si wengi. Ila kaka aliacha kunicheka.

Kilichobadilisha mambo kilitokea kwa bahati. Nilikuwa nimeegemeza simu kwenye kopo la samli ili ichukue sufuria ya shaba inavyotokota. Mama alidhani nimeshaizima. Akawa anaikoroga halua huku anaigombeza kama mtu: "Haya, shikana basi. Asubuhi yote hii unanizungusha, unamsubiri nani? Shikana nipate kwenda kuswali." Mikono yake tu ndiyo iliyoonekana, yenye hina iliyofifia, na sauti yake. Nilimwomba ruhusa, akasema, "Kama sura haimo, weka."

Kesho yake nilikuta watu wameisambaza kila upande. Waliandika maneno yale yale: shikana basi, unamsubiri nani? Mama akaniuliza, kana kwamba hana haja ya kujua, "Wamesemaje?" Nikamsomea. Ikawa desturi yetu: baada ya alasiri anakaa kwenye mkeka, mimi namsomea maoni, yeye anajibu mmoja mmoja. Dada mmoja wa Mwanza aliandika kwamba sauti ile ilikuwa kama ya bibi yake marehemu. Mama akasema, "Mwambie aniite bibi basi, mimi nipo."

Baada ya hapo alikubali sura ionekane. Kila video aliianza yeye mwenyewe, bila kufundishwa: "Asalaam alaykum. Karibuni uani, kaeni upande usio na moshi." Na kwa kuwa hakuwa hodari wa kuandika kwenye simu, niliwarekodia wateja majibu yake kwa sauti. Mtu akiagiza halua ya harusi, anapata ujumbe wa bibi mwenyewe akimwombea dua bi harusi. Hakuna tangazo la kulipia lililoweza kushindana na hilo. Tuliagizwa kutoka Bunju, Tegeta, Morogoro, hata kambi moja ya watalii kule Saadani ilitaka visahani vidogo kwa ajili ya wageni wao. Mama mdogo alilalamika vidole vinamuuma kwa kumenya lozi, na alilalamika huku anatabasamu.

Mama alipigwa na kiharusi siku chache baada ya Idd, akiwa anatia udhu. Tulimkimbiza hospitali. Alilala kule bila kusema neno, jicho moja likiwa wazi, na siku ya tatu akafariki. Tulimzika Bagamoyo, karibu na baba.

Nilitangaza kwenye ukurasa kwa maneno machache. Pole zilimiminika mpaka simu ikawa moto mkononi. Watu wasiomjua walisema wamelia. Wengine waliuliza, katika sentensi ile ile, kama halua itaendelea kupatikana. Sikuwachukia. Ningekuwa mimi ningeuliza pia.

Tulirudi kwenye sufuria baada ya hitma. Mama mdogo alijua vipimo vyote, na mimi nilikuwa na nguvu za kukoroga. Halua ilitoka vile vile, sina shaka. Lakini kaka alisema ukurasa umepoa. Alijua nilikuwa na video za mama ambazo hatukuwahi kuzipakia. "Weka moja moja," alisema. "Watu wanamtaka yeye."

Mama mdogo alimsikia. "Subirini arobaini ipite," alisema. "Hata maji ya kaburi hayajakauka."

Tukasubiri. Video za zamani zilibaki pale zilipokuwa, nami nilipakia picha za halua peke yake, na wateja wakapungua.

Arobaini ilikuwa haijafika alipokuja mama mmoja kutoka Tegeta. Alishuka kwenye gari ya kukodi na mdogo wake, asubuhi, wakiwa na vikapu vitupu. Alitoa salamu vizuri, akasema kwa furaha, "Tumeona tuje wenyewe kuchukua, tumwone na bibi. Akdi ya mwanangu ni kesho."

Kaka alimuuliza jina, akatafuta kwenye oda. Hakulikuta. Yule mama akacheka akidhani ni mzaha, akafungua simu yake akaonesha. Ulikuwa ukurasa wenye jina letu, picha yetu, video zetu zote za mama. Ila namba haikuwa yetu, na katika jina palizidi herufi moja.

"Huu si wetu," kaka alisema. "Umetapeliwa, dada yangu."

"Nimetapeliwa vipi, na bibi mwenyewe kanijibu?" Akabonyeza ujumbe wa sauti.

"Asalaam alaykum mwanangu. Karibu uani, kaa upande usio na moshi. Malipo yako nimeyaona, Mungu akubariki. Halua yako inaiva, bi harusi wako atafurahi."

Ilikuwa sauti ya mama. Haikuwa ya mtu anayemwigiza. Mkwaruzo wake ulikuwamo, na ule mtuo wake mdogo kabla ya kutaja jina la Mungu. Kwa muda mfupi sana sikuogopa wala sikukasirika. Nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyesikia hodi ya mtu wake.

Na kutoka uani, nyuma ya pazia, mama mdogo akaitika: "Labeka, dada!"

Alitoka mbio, mikono imejaa wanga, akasimama katikati ya duka akitutazama mmoja mmoja. Nilimwona anavyotafuta. Kisha akaiona simu mkononi mwa mgeni, akaelewa, akakaa chini sakafuni pale pale.

"Mama alifariki," kaka alimwambia yule mteja.

"Mama yupi?"

"Huyo."

Yule mama aliitazama simu. "Nimezungumza naye jana," alisema. Akarudia kwa sauti ndogo, akimwambia mdogo wake, "Si nilizungumza naye jana?"

Tulijua maneno yale hayakuwa ya mama hata kidogo. Mama hakuwahi kuona malipo ya mtu, wala hakujua yanaingiaje. Hiyo ilikuwa kazi ya kaka. Watu waliokaa mahali tusipopajua walizichukua video zetu, wakazipitisha kwenye mashine ya siku hizi inayojifunza sauti, na sasa mama angeweza kusema lolote walilotaka. Tulikuwa tumewawekea sauti yake mchana na jioni, safi, bila muziki juu yake, kwa sababu nilishajifunza kwamba sauti safi ndiyo inayouza.

Halua iliyokuwa imeiva asubuhi ile tulimpa yote, kwa ajili ya akdi. Aliipanga kwenye vikapu vyake. Alipokuwa anaingia garini nilimsikia akimuuliza mdogo wake kama kuna haja ya kuwaambia wageni imetoka wapi.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kituo cha polisi na kaka. Askari aliyetupokea alikuwa mtu mzima, mwenye adabu. Alisikiliza ule ujumbe mara mbili, akatupa pole ya msiba, akaandika maelezo. Baadaye alitupigia simu kwamba ile namba imesajiliwa kwa jina la mkulima wa mkoa wa mbali, asiyejua lolote, ambaye kitambulisho chake kilitumiwa. Alisema watafuatilia. Naamini alimaanisha.

Nikauripoti ukurasa wenyewe mtandaoni. Niliwaomba wateja wetu wa zamani, marafiki, majirani, kila mwenye simu auripoti. Uliondolewa. Wiki haikupita ukazaliwa mwingine, herufi nyingine imezidi, na wafuasi wengi kuliko sisi. Walikuwa wanalipia matangazo. Walijibu haraka. Walipakia alasiri. Kila nilichokigundua kwa kuhangaika, wao walikifanya, na wakakifanya vizuri zaidi, kwa sababu wao walikuwa na mama na mimi nilikuwa na picha za sahani.

Niliandika onyo kwenye ukurasa wetu. Niliandika kwamba mama ametangulia mbele ya haki, na yeyote anayezungumza kwa sauti yake ni mwizi. Nilitaja namba yetu ya kweli. Nilidhani hilo litamaliza.

Walijibu kwa video. Mama amekaa mbele ya sufuria, katika video yetu ya zamani ninayoikumbuka vizuri, lakini midomo yake inasema maneno mapya: "Wanangu, nimesikia kuna watu wananizushia kifo. Mimi mzima, alhamdulillahi. Mtu akikuombea mauti kwa ajili ya biashara, mwachie Mungu."

Watu wakanigeukia. Maoni yaliyoandikwa chini ya onyo langu siku ile sitayaandika hapa yote. Walisema sina haya, namzushia kifo bibi wa watu. Walisema mimi ndiye feki, kwa sababu kwangu bibi yumo kwenye video za zamani tu, na kwao anajibu mpaka leo. Yule dada wa Mwanza, aliyeambiwa amwite mama bibi, alikuwa miongoni mwao. Aliandika: Mwogope Mungu. Nilimwandikia faragha, nikamweleza kila kitu, nikamtumia picha ya baraza siku ya msiba. Hakunijibu. Nikaona amenifungia.

Jioni ile tulikaa uani, sote watatu. Kaka hakuwa ameonja chakula. Akasema, "Twendeni makaburini tukapige picha kaburi. Jina lake limeandikwa pale. Tuliweke, wabishi wanyamaze."

Mama mdogo alikuwa akipepeta ufuta. Aliweka ungo chini.

"Mtamfuata mpaka kule?" aliuliza.

"Mama mdogo, wanatuita wezi. Wanakula kwa jina lake."

"Nimesikia. Nakuuliza wewe mwanawe. Uani mlimtoa, jikoni mlimtoa. Sasa mnataka mkamtoe na kule alikolala?"

"Yeye mwenyewe alikubali," kaka alisema. "Alipenda. Alikuwa anauliza kila siku wamesemaje."

"Alipenda akiwa hai. Akichoka alikuwa anasema zima, na mnazima. Leo atawaambiaje mzime?" Akanigeukia mimi. "Ziondoe zote, mwanangu."

Kaka alisimama. Alisema tukiziondoa tumewaachia wezi kila kitu, kwamba atakayetafuta halua yetu atamkuta mama kwao tu, kwetu hayupo, na hapo hata aliyekuwa na shaka atawaamini wao. Alisema ukweli. Hesabu yake yote ilikuwa sawa, na hakuna aliyeweza kumpinga. Mama mdogo hakujaribu. Alirudia tu, "Ziondoe."

Nilifikiri siku kadhaa. Kama ningekuwa bado naifanya kazi ile kwa tajiri wangu wa Dar, ningemshauri kama kaka: usiondoke uwanjani, lipia matangazo, weka alama yako kwenye kila video, pigana. Lakini kila nilipoufungua ukurasa wetu kumtazama mama, sikuweza tena kumtazama tu. Nilikuwa namkagua. Nilitazama midomo yake kama inaendana na maneno, katika video nilizozipiga kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa nimechuchumaa mbele yake. Nilianza kutokuwa na uhakika kama kweli aliwahi kusema hili au lile. Hilo lilinitisha kuliko matusi ya watu.

Nikaziondoa. Nilikaa na mama mdogo kwenye mkeka, na kabla sijafuta aliomba kila moja aione. Zilikuwa nyingi. Zingine alicheka. Kwenye ile ya mama anapoigombeza halua ishikane, alifunika mdomo kwa kanga na mabega yake yakatikisika, na sikumuuliza ni kicheko au ni kilio. Nakala nilizihifadhi kwangu, mahali pasipo na mtandao. "Hapo sawa," alisema. "Ziwe zako, zisiwe za watu."

Yaliyofuata yalikuwa kama kaka alivyosema. Ukurasa ulikufa. Walioniamini walikuwa wale waliokwisha kufika dukani, waliomwona mama kwa macho yao, na hao hawahitaji mtandao kutujua. Wengine walihamia kule bibi alikokuwa. Walipotapeliwa walirudi kututukana sisi, kwa sababu duka letu lina mlango wa kugonga na wale hawana. Mzee mmoja alikuja kutoka Msata akiwa na fimbo, akasimama barazani akitaka atolewe bibi amwombe radhi.

Kaka hakukaa Bagamoyo. Alichukua sehemu ya halua akaenda Chalinze, akaweka meza pembezoni mwa barabara pale mabasi ya kaskazini yanaposimama. Anauza kwa kukata vipande na kuwaonjesha abiria. Alisema bora amtazame mtu usoni. Hatukugombana, lakini ananipigia simu kuhusu mzigo tu, na mara nyingi ni mama mdogo anayezungumza naye. Najua anachofikiri. Anafikiri mama alituachia kitu kimoja cha kutulisha, na mimi nikakifuta kwa kidole.

Mimi nilifungua ukurasa mwingine, hauna sura ya mtu wala sauti. Naweka halua, bei, siku ya kupika. Najibu haraka kama zamani. Wanaoagiza ni wachache, nami nawashukuru. Kijana mmoja anayefundisha biashara mtandaoni aliniandikia kunishauri bure kwamba ukurasa wangu hauna hadithi, na siku hizi watu hununua hadithi kwanza, bidhaa baadaye. Nilimshukuru, nikamwambia nitalifikiria.

Wale hawajaacha. Niliposikia mara ya mwisho, walikuwa wameshaichoka halua. Mama anauza udi na marashi. Kabla ya Ramadhani jirani yetu alinijia akiwa ameificha simu ndani ya kanga, hajui anioneshe au asinioneshe. Nilimwambia anioneshe. Mama alikuwa amevaa mtandio ambao hakuwahi kuwa nao, ameketi katika chumba nisichokijua, akiwaambia wanawake kwamba ana dua ya kumrudisha mume aliyeondoka, watume kwanza chochote walicho nacho. Ngozi yake ilikuwa laini mno. Hina kwenye mikono ilikuwa mbichi, nyekundu, kama ya bi harusi.

Chini yake, mamia ya wanawake waliandika: Amina, bibi.

Niliuripoti ukurasa ule. Majibu yalikuja mchana, ya mashine, kwa Kiswahili kibovu: wameuchunguza na hawakuona kilichovunja taratibu zao. Nikamrudishia jirani simu yake, nikamwomba asimwoneshe mama mdogo. Kisha nikaenda uani kuchuja wanga, kwa sababu kulikuwa na oda ya mtu wa Bunju ya kutoka kesho.